UZI: Dawa za kupandisha presha iliyoshuka. Zinabana mpira, hazijazi tanki

Mama wa Thieta (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye uzi mwingine mtu aliuliza kama kuna kidonge cha presha ya kushuka. Akajibiwa kahawa, maji ya chumvi, soda baridi, na mmoja akamwambia "mpeleke wakamchome adrenalini apone." Hilo la mwisho limenikaa kichwani siku mbili, nikaona nifungue uzi.

Mimi ni nesi wa usingizi, mwaka wa 14 huu niko chumba cha upasuaji. Dawa hizo nazivuta kwenye bomba la sindano kila siku ya kazi. Nitaandika kwa kirefu, mnivumilie, na waliosoma zaidi yangu wanisahihishe.

Nenda pale wanapoosha magari uangalie. Kuna tanki, kuna pampu, kuna mpira. Maji kuruka kwa nguvu kunategemea vyote vitatu: tanki lina maji kiasi gani, pampu inasukuma vipi, na mpira umebanwa au umeachia. Kijana akitaka maji yafike mbali anaziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba. Mwilini tanki ni damu, pampu ni moyo, na mpira ni ile mishipa midogo ya ateri inayoweza kukaza na kulegea. Presha ikianguka ujue kimoja kati ya hivyo kimeharibika, wakati mwingine viwili kwa mpigo.

Dawa za kupandisha presha karibu zote ni kile kidole gumba. Baadhi zinaichochea na pampu. Hakuna hata moja inayojaza tanki. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua ukimpa dawa ya kubana mishipa tu, namba kwenye monita itapanda na utafurahi, huku figo zake zinakosa hata kile kidogo kilichokuwa kinafika. Huyo anahitaji damu, na mkono wa kuzuia inapovujia.

Sasa nawaleta ninapokaa mimi. Mama ameletwa kwa upasuaji wa kujifungua. Tunamkalisha, anainama amekumbatia mto, tunachoma ganzi ya mgongo. Ganzi inalaza neva za maumivu, lakini haichagui, inalaza na zile zinazoiamuru mishipa ya miguu na tumbo ibaki imekaza. Mishipa inalegea, damu inatuama chini. Dakika mbili tatu tu, na kabla mkanda wa presha haujamaliza kujaa hewa, mama anageuza shingo anakwambia, "Nesi, nasikia kichefuchefu." Masikio yangu yanalisubiri neno hilo. Ukingoja mkanda umalize utasoma 78/40, na wakati huo mtoto tumboni anapata hewa kwa presha hiyohiyo ya mama, maana kondo la nyuma halina uwezo wa kujiongezea damu lenyewe.

Tunaanza kwa kuweka kitambaa kilichokunjwa chini ya nyonga ya kulia, mama aegemee kushoto, mfuko wa uzazi usiukandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Dripu inakimbia. Kisha dawa.

Sisi wengi tumelelewa na efedrini. Ampuli niliyoizoea ina 30 mg kwenye 1 ml, tunaichanganya hadi 10 ml, kila 1 ml inabaki na 3 mg, unasukuma 2 ml unaangalia. Efedrini ina tabia yake. Kazi kubwa haifanyi kwa mkono wake. Inakwenda kwenye ncha za neva ambako mwili umehifadhi noradrenalini, inafungua ghala, noradrenalini inamwagika na kubana mishipa na kuukimbiza moyo. Ndiyo maana dozi ya kwanza inapandisha vizuri, ya pili kiasi, ya tatu unaona haifanyi kitu. Ghala limeisha. Nimeona wenzangu wanarudia mara nne, tano, wanashangaa dawa "imekufa." Dawa ni nzima, ila haina tena cha kumwaga.

Tena efedrini inavuka kondo na kumfikia mtoto, inamchochea, na damu yake inaelekea kuwa na asidi zaidi. Ndiyo sababu makubaliano ya kimataifa ya wataalamu wa usingizi yaliyotoka 2018 yakaiweka mbele fenilefrini. Hiyo ni kidole gumba kitupu: inashika vipokezi vya alfa-1, yaani vile vishikio kwenye ukuta wa mshipa vinavyouamuru ukaze, mshipa unakaza, basi. Tunatoa mikrogramu 50 hadi 100 kwa mara moja. Kasoro yake ni kwamba moyo ukiona mlango umebanwa unapunguza mwendo. Ukishuka chini ya mapigo 50 na presha nayo iko chini, hapo efedrini au atropini, dawa ya kuongeza mapigo ya moyo, ndiyo inakuwa rafiki yako. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema efedrini itupwe. Mahali ambapo fenilefrini inafika mara moja kwa miezi, aijuaye efedrini vizuri anaokoa mama na mtoto.

Naendelea kesho kuhusu zile za wodini. Maswali yaje.

---

Msafiri wa Kilosa

Dada, Mungu akubariki kwa elimu. Yule aliyeuliza kidonge ni mimi.

Nilimuulizia mzee wangu, ana miaka 72. Ameanguka mara mbili usiku akiamka kwenda msalani, mara ya pili amepasuka juu ya jicho. Duka la dawa walimpima akiwa amekaa wakasema presha "iko chini kidogo." Mtaani wanamwambia ana presha ya kushuka. Je, kidonge kipo au hakipo?

---

Mama wa Thieta

Pole sana kaka, na mzee apone haraka.

Kidonge kipo. Kinaitwa midodrini. Kikifika mwilini kinageuzwa kuwa dawa inayoshika vilevile vipokezi vya alfa-1 nilivyovitaja. Wapo wanaokihitaji kweli, hasa waliopoteza kazi ya neva zinazokaza mishipa, mfano kwa kisukari cha miaka mingi au ugonjwa wa Parkinson. Anayekinywa anaweza kusikia ngozi ya kichwa inamwasha na vinyweleo vinasimama. Na hakinywewi ukiwa karibu kulala, dozi ya mwisho iwe angalau saa 4 kabla, kwa sababu mtu akilala chali presha inaweza kupanda vibaya sana.

Lakini kabla ya kidonge nina maswali. Mzee anatumia dawa gani nyingine? Zote, hata za duka. Na je, kuna aliyempima amelala, kisha amesimama? Kupima amekaa peke yake hakutoshi kwa mtu anayeanguka akisimama. Alale dakika 5, apimwe, asimame, apimwe tena dakika ya kwanza na ya tatu, na mtu awe pembeni wa kumdaka. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hapo tunazungumza kitu chenye jina.

---

Msafiri wa Kilosa

Ana dawa ya presha ya kupanda, amlodipini, tangu zamani. Na mwezi wa tatu alianzishiwa ya tezi dume, imeandikwa tamsulosini. Anazinywa zote usiku. Kupimwa amesimama hajawahi.

---

Mama wa Thieta

Kaka, tamsulosini inaziba vipokezi vya alfa-1. Vilevile ambavyo dawa zangu zinavishika ili kubana, yenyewe inavifunga ili njia ya mkojo ilegee. Imetengenezwa ielekee zaidi kwenye tezi, lakini mishipa nayo inapata sehemu yake. Ukiongeza na amlodipini inayolegeza mishipa kwa njia nyingine, halafu mzee wa miaka 72 anaamka ghafla saa nane za usiku, hapo hatujafika kwenye kidonge cha kupandisha. Asiache dawa yoyote kwa sababu ya maneno yangu ya mtandaoni. Mpeleke kwa daktari na maboksi yote mkononi, mwambie "ameanguka mara mbili," na uombe apimwe amelala na amesimama. Chumvi nyingi wanayomshauri mtaani msimpe, huyu ni mtu mwenye presha ya kupanda.

---

Daktari wa Mkoa

Mama wa Thieta, umeanza vizuri. Niruhusu niingie upande wa wodi maana ndiko ninakoishi.

Mgonjwa wa kawaida kwetu anayehitaji dawa hizi kwa siku kadhaa ni mwenye maambukizi makali yaliyoingia kwenye damu. Vijidudu na kinga ya mwili vinapopigana, mishipa inalegea mwili mzima na kuta zake zinavuja. Kwa mfano wako, mpira umeachia na una matundu madogo kila mahali. Mikono ya mgonjwa mara nyingi ni ya moto mwanzoni, na familia inasema "ana joto tu."

Hapo chaguo la kwanza ni noradrenalini. Inabana mishipa kwa nguvu kupitia alfa-1 na inausaidia moyo kidogo kupitia vipokezi vya moyo, beta-1, bila kuukimbiza sana. Zamani tulitumia dopamini. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa wagonjwa 1,679 ukilinganisha hizo mbili. Vifo havikutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa, ila waliopata dopamini walivurugika mapigo ya moyo karibu mara mbili ya wenzao, 24% dhidi ya 12%. Tangu hapo dopamini imerudi nyuma.

Lengo letu si 120/80, na hapa ndugu wa wagonjwa wanatusumbua kwa nia njema. Tunaangalia wastani wa presha. Chukua namba ya chini mara mbili, ongeza ya juu, gawanya kwa tatu. Mgonjwa wa 90/54 wastani wake ni 66. Lengo la kuanzia ni 65. Ukisukuma dawa mpaka namba ipendeze, unalipia kwenye vidole, utumbo na moyo.

Noradrenalini ikizidi kupandishwa na bado presha haishiki, tunaongeza vasopresini ikiwa ipo, kwa uniti 0.03 kwa dakika. Hiyo inapita mlango wake wenyewe, vipokezi vya V1, ndiyo maana inaweza kusaidia pale vya alfa vimechoka kuitika. Haidrokotisoni, dawa ya jamii ya steroidi, nayo ina nafasi hapo.

Kuna jambo lazima tuliseme sisi watu wa huku. Mwongozo wa kimataifa unasema maji ya dripu kwanza, 30 ml kwa kila kilo ndani ya saa 3, yaani 1,800 ml kwa mtu wa kilo 60, halafu dawa. Huo umejengwa zaidi kwa wagonjwa wa nchi tajiri. Zambia, hospitali kuu ya chuo kikuu Lusaka, walijaribu kwa watu wazima 212 wenye maambukizi makali na presha ya chini, karibu 9 kati ya 10 wakiwa na VVU. Kundi moja lilipewa utaratibu wa haraka wa maji mengi, dawa za kupandisha presha na damu, jingine matibabu yao ya kawaida. Matokeo yalitoka 2017. Kundi la utaratibu wa haraka walikufa 48%, kundi la kawaida 33%. Kwa watoto tuna ule wa 2011, watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania. Muheza yetu ilikuwamo, na Kilifi. Waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi ya wale waliopewa taratibu.

Kwa hiyo ninapomwona mgonjwa mwembamba, mwenye VVU isiyodhibitiwa, anahema haraka na presha 80, mkono wangu hauendi kwenye dripu ya tatu bila kumsikiliza mapafu kwanza.

---

Mwana wa Eldoret

Shukrani daktari. Mimi ni klinikal ofisa, kituo changu hakina pampu ya sindano wala noradrenalini. Adrenalini iko. Mgonjwa ameshapata maji, presha ni 70, gari la rufaa linachukua saa mbili na nusu. Nifanye nini, nimwangalie tu?

---

Mama wa Thieta

Kaka, usimwangalie tu. Piga simu unakompeleka, zungumza na daktari wao, na mkikubaliana adrenalini ya dripu inawezekana bila pampu. Nimefanya hivyo njiani, usiku, nimeshika tochi ya simu kwa meno nikihesabu matone.

Hesabu yangu ni hii, iandike ukutani. Ampuli moja ya adrenalini, 1 mg, ndani ya chupa ya 500 ml. Kila 1 ml ina mikrogramu 2. Mtu wa kilo 60 ukimwanzishia mikrogramu 0.05 kwa kilo kwa dakika, anahitaji mikrogramu 3 kwa dakika, ambayo ni 1.5 ml. Mrija wa kawaida wa matone 20 kwa 1 ml, hayo ni matone 30 kwa dakika, tone moja kila sekunde mbili. Hesabu ukitazama saa ya mkononi au ya simu, usikadirie. Gari likiruka tuta, hesabu upya. Bandika karatasi kubwa kwenye chupa "ADRENALINI" na muda ulioanza, ili mtu asije akaifungulia yote akidhani ni maji tu. Presha kila dakika 5. Mapigo yakikimbia kupita kiasi au kifua kikimbana, punguza.

Na itazame ampuli kabla hujaivunja. Adrenalini haipendi mwanga. Ikigeuka ya pinki au kahawia, itupe. Nimekuta ampuli zimeachwa dirishani kwenye sahani ya dharura, rangi ya chai ya rangi, na hakuna aliyekuwa ameziangalia.

Kitu cha mwisho ni mshipa. Kanula, ule mrija mdogo unaobaki ndani ya mshipa, iwe nene, kwenye mshipa mzuri, kiwikoni au juu yake, si nyuma ya kiganja.

---

Bi Shani

Samahani nyote, mimi si mtu wa hospitali. Nimesoma uzi huu kuanzia mwanzo na nimelia.

Baba yetu alilazwa ICU mwaka jana, maambukizi yalitoka kwenye kidonda cha mguu, ana kisukari. Walimwekea mashine yenye dawa ya presha siku sita. Siku ya nne vidole vyake vya mkono na vya miguu vikaanza kuwa vya baridi halafu vyeusi. Tuliuliza, tukaambiwa "ni dawa." Alifariki siku ya saba. Kaka yangu mpaka leo anasema dawa ndiyo iliyomuua baba. Naomba mtu aniambie ukweli, hata kama ni mchungu.

---

Mama wa Thieta

Bi Shani, pole dada yangu. Nimesoma ujumbe wako nikiwa zamu, nikangoja nifike nyumbani ili nikujibu nimetulia.

Sikumwona baba, kwa hiyo nitakueleza ninachokijua kuhusu dawa yenyewe. Ni kweli dawa hizi zinaweza kusababisha vidole kuwa vyeusi. Zinabana mishipa bila kuchagua, na damu ikiwa kidogo mwili unaipeleka kwanza kwenye ubongo na moyo. Vidole viko mwisho wa mstari. Lakini ugonjwa wenyewe nao unafanya hivyohivyo. Maambukizi yakiwa makali damu inaganda ndani ya mishipa midogo, na kwa mwenye kisukari mishipa ya miguu mara nyingi imeshaharibika miaka mingi kabla. Vyote vinakutana kwenye kidole kimoja, na hakuna anayeweza kuvitenganisha kwa macho.

Kilichokuwa upande wa pili ni presha ambayo isingemfikisha siku ya pili. Mtu ambaye wastani wake umeshuka hadi 40, ubongo na figo havingoji. Waliomwekea dawa walikuwa wanamtafutia baba siku za antibayotiki kufanya kazi na kidonda kusafishwa. Alizipata sita. Ugonjwa ukashinda.

Neno "ni dawa" mliloambiwa, halafu mtu akaondoka, hilo naona ni kosa. Mlitakiwa kukalishwa na kuambiwa haya yote siku vidole vilipoanza kupoa, mngali na nafasi ya kuuliza.

---

Daktari wa Mkoa

Bi Shani, pole sana. Nakubaliana na kila neno hapo juu. Mwambie kaka kwamba tunapopandisha dozi ya noradrenalini siku hadi siku, ni kwa sababu ugonjwa unazidi. Kwa macho ya ndugu inaonekana dawa inaongezwa na mgonjwa anazidi kuharibika, na akili inaunganisha. Sisi madaktari tunasahau kwamba mnaona hivyo.

---

Bi Shani

Ahsanteni. Nitamsomea.

---

Mfuga Nyuki Sikonge

Habari wakubwa. Huku kwetu Tabora kila msimu wa kurina asali kuna mtu anavimba. Mwaka juzi kijana wetu alichomwa na nyuki, uso ukavimba, akashindwa kuhema, presha ikasemekana haisomeki. Zahanati wakamchoma ya mzio na haidrokotisoni, wakasubiri. Alipona kwa Mungu tu. Hiyo adrenalini ingemfaa?

---

Mama wa Thieta

Ingemfaa, tena ndiyo ilipaswa kuwa ya kwanza. Huyo kijana vyote vilikuwa vimeharibika pamoja: mishipa imelegea ghafla, inavuja, na njia ya hewa inaziba. Adrenalini inabana mishipa kwa alfa, inasukuma moyo kwa beta-1, na inafungua mapafu kwa beta-2. Hakuna dawa nyingine kwenye kabati la zahanati yenye mikono mitatu hiyo. Dawa ya mzio inapunguza kuwasha na haidrokotisoni inachukua saa kadhaa. Zote mbili haziokoi mtu ndani ya dakika tano.

Kwa mtu mzima ni 0.5 mg, nusu ya ampuli ya 1 mg, kwenye msuli wa paja, upande wa nje katikati. Hapewi kwenye mshipa wa damu. Kwa mtoto ni 0.01 mg kwa kilo. Alale, miguu juu, au akae kidogo kama hawezi kuhema akilala. Asisimamishwe kwa ghafla kwa sababu eti ameanza kuongea. Baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu, rudia.

Naomba wenye zahanati mnaosoma hapa: wekeni ampuli na bomba la 1 ml na sindano pamoja kwenye boksi moja, karibu na mlango. Msimu wa asali unajulikana.

Aliyesema kwenye uzi ule mwingine kwamba presha ya kushuka ni ya kuchomwa adrenalini, nadhani ameshaona tofauti. Kijana wa Sikonge na mzee wa Kilosa wote "presha imeshuka," lakini sindano ya huyu ingemwangamiza yule.

---

Mwana wa Eldoret

Na dawa za mafua? Wagonjwa wangu wa presha ya kupanda wananunua zile za kufungua pua.

---

Daktari wa Mkoa

Zile zenye pseudoefedrini ni ndugu wa efedrini, zinafungua pua kwa kubana mishipa yake na zinaweza kupandisha presha. Mwenye presha ya juu aziepuke, atumie maji ya chumvi ya puani. Na diklofenaki, ile dawa ya maumivu, ikinywewa kila siku nayo inapandisha presha kwa kuzuia chumvi na maji yasitoke kwenye figo. Hiyo naiona zaidi ya za mafua.

---

Mama wa Thieta

Niongeze kisa changu cha mshipa nilichokuwa nakiepuka.

Miaka kadhaa nyuma, hospitali niliyokuwepo, tuliendesha adrenalini ya dripu kupitia kanula ndogo nyuma ya kiganja, usiku kucha, kwa mama aliyetoka thieta na maambukizi ya tumbo. Asubuhi nilipofunua shuka niliona alama nyeupe kama chaki, imezunguka kanula upana wa sarafu, ukigusa ni baridi. Dawa ilikuwa inavujia nje ya mshipa, na inabana mishipa ya ngozi yote inayoikuta. Tulisimamisha dripu pale, tukahamishia mkono mwingine, tukavuta kilichovutika kwa bomba kabla ya kutoa kanula, tukainua mkono na kuweka kitambaa cha uvuguvugu. Dawa ya kuigeuza, fentolamini, hatukuwa nayo. Ngozi ilikufa, akabaki na kidonda kilichochukua wiki nyingi kufunga. Maisha yake yalipona. Tangu siku hiyo kanula yenye dawa hizi siifuniki kwa shuka, na kila saa naishika kwa vidole vyangu mwenyewe, hata kama monita inasoma vizuri.

---

Msafiri wa Kilosa

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu, nimeona nisiuache uzi bila majibu.

Nilimpeleka mzee na maboksi yote. Daktari alikuwa kijana, akampima amelala 146/82. Akamsimamisha nikiwa nimemshika bega, dakika ya kwanza 112/66, mzee akasema "naona giza." Akakaa mwenyewe kabla hatujamwambia. Daktari akatuuliza mbona hatukuja mara ya kwanza alipoanguka.

Amepunguza amlodipini na kuihamishia asubuhi, tamsulosini akasema aendelee nayo kwa sasa ila tumrudishe apimwe tena. Kidonge cha kupandisha hakuandika. Mzee amefundishwa akiamka akae ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, ahesabu hadi 60, ndipo asimame. Tumemwekea ndoo chumbani na taa ndogo. Jana wamempima amesimama, 128/74.

Usiku namsikia akihesabu kwa sauti.